Jogoo wa Kwanza wa Mama Limi

Tarehe 30 Juni 1987 Serafina Maduhu, Mama Limi wetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu katika chumba cha fiziotherapia cha hospitali yetu, hapa Shinyanga. Kamati ya kumuaga imenipa mimi, Shaaban wa machela, kazi ya kumwandika, maana kwa kusimulia sina mpinzani. Ujanani nilibeba wagonjwa wawili, mmoja kila bega, na chai mkononi. Lakini leo kalamu inanitoa jasho.

Alipoanza, wachimbaji wa Geita waliovunjika mapaja mashimoni walikataa kushikwa na mwanamke. Wakubwa wakaamua nivae koti jeupe, nishike mguu, naye asimame nyuma ya pazia akinielekeza pa kukunja na pa kuachia. Mgonjwa akiuliza ile sauti ni ya nani, nilimjibu ni mwanafunzi wangu. Tulicheka sana. Baadaye Kalisti, kijana aliyefundishwa kazi na Mama Limi, akafanywa mkuu wa chumba. Mama Limi alipouliza, aliambiwa wagonjwa wanataka mwanamume.

Huku kwetu mgonjwa akisimama tena, humletea jogoo mtu aliyemsimamisha. Basi majogoo wote walikuja kwangu. Nimekula majogoo ambao wangepangwa mstari wangetoka hapa mpaka Nkome, na wengine wangelowa ziwani. Mama Limi aliambulia harufu ya mchuzi.

Wiki iliyopita akaja Jilala, mchimbaji tuliyemtibu zamani, anatembea bila fimbo, jogoo mwekundu kwapani. Akampita Mama Limi mlangoni, akaja moja kwa moja kwangu.

“Shikamoo, daktari. Na yule mwanafunzi wako, alifaulu?”

Chumba kizima kikatazama sakafu. Salamu ile haikuwa yangu; nikamwonyesha Mama Limi mlangoni.

“Ni huyo uliyempita,” nikasema. “Mimi ni wa machela. Mguu wako aliutibu yeye.”

Jilala akarudi mlangoni, akamwamkia, akamkabidhi jogoo kwa mikono miwili.

“Marahaba, baba,” alisema Mama Limi. “Huyu ndiye wa kwanza.”

Hakuna aliyecheka. Pazia tumeliondoa, koti nimelirudisha stoo. Kiti cha mkuu bado amekikalia Kalisti, na aibu hiyo ni yetu sote.

Asante, Mama Limi. Nenda salama nyumbani Kharumwa, upumzike na wajukuu. Jogoo usimchinje. Mwache awike kila alfajiri, labda na sisi huku tutaamka.