Dona Zuleica na Karatasi ya Mizani

Mke wangu Ivone alikufa Jumapili. Tulimzika Jumatatu. Leo Alhamisi, tarehe 27 Juni, Dona Zuleica Wendt anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye jengo hili la mashine za kompyuta. Aliomba wasifu wake niuandike mimi. Nikamwambia shule niliachia darasa la nne. Akasema wenye shule wataandika kurasa sita na hakuna atakayezisoma.

Haya.

Alipoanza, jengo lilikuwa na mashine tatu na paka. Sasa mashine ni mia nne, paka hayupo. Humu ndani ni baridi hata Januari, lami inapoyeyuka nje. Ndiyo maana mnamjua kwa lile sweta la kijani. Viwiko vimeshonwa mara mbili. Mara ya pili alishona Ivone.

Mimi kazi yangu ni kubeba na kuvuta kebo. Kazi yake sikuielewa mpaka Machi ile, miaka mitatu nyuma.

Iko hivi. Mashine moja kubwa inabeba mashine nyingi za wapangaji, wateja wanaokodi nafasi kwetu. Hizo hazishikiki, ni programu tu. Kila moja inadhani ina kadi yake ya mtandao. Kadi haipo. Kuna programu ndani ya mfumo inayojifanya kadi, inapokea mzigo wa data na kuupitisha. Dona Zuleica akagundua programu hiyo inaamini kila namba. Mpangaji akiandika mzigo wake ni kilo kumi, inamtengea nafasi ya kumi, hata akishusha mia. Kinachomwagika kinaingia kwa jirani.

Jirani alikuwa hospitali. Orodha za dawa, nani apewe nini, kiasi gani. Ivone alikuwa amelazwa hukohuko, ghorofa ya nne, figo.

Dona Zuleica aliirekebisha programu kwa siku mbili. Akaweka ukaguzi: soma namba, ikizidi, kataa. Mkuu wetu, Seu Heitor, akataka iwekwe mchana uleule. Barua ya kutangaza kwamba tundu limezibwa alishaituma. Mimi nikasimamishwa nyuma ya mashine, mkono kwenye kebo ya hospitali. Mambo yakiharibika, nichomoe. Nikichomoa, wauguzi hawaoni orodha. Nisipochomoa, mwizi anaichezea.

Dona Zuleica akaja na kibuyu cha chimarrão, chai yetu chungu ya kunyonya kwa mrija, jambo lililokatazwa chumba kile. Akanieleza ukaguzi wake ili nitulie. Nikazidi kuogopa. Nikamwambia jambo ambalo hata Ivone sikumwambia. Nilipokuwa kuli bandarini, mizani ilikagua karatasi yetu: magunia kumi, pita. Karatasi tukabaki nayo sisi. Kabla ya ghala tunaibadilisha namba, kumi na tano. Ghala linatoa kumi na tano.

Akaacha kunyonya. "Seu Nadir, ghala lilisoma karatasi ipi?"

"Ileile yetu, Dona. Ya kwao hawakuwa nayo."

"Mwizi we," akasema, hakucheka, akakimbia na ndala zake.

Programu yake ilikuwa inasoma namba mara mbili, kwenye karatasi iliyo mikononi mwa mpangaji. Mara ya kwanza kukagua, mara ya pili kupakua. Katikati hapo mpangaji anabadilisha.

Akamwambia Seu Heitor haiwekwi. Seu Heitor akalalamika kwamba barua imeshatoka. Akajibiwa mbele ya watu wote: "Tuma nyingine, useme Zuleica ni mjinga. Nitatia saini."

Kwa muda wa saa nne alikaa pale. Mimi na mkono wangu kwenye kebo. Alichobadilisha ni kidogo: namba inanakiliwa kwanza kwenye daftari letu, kisha inakaguliwa na kutumika hiyo ya kwetu tu. Ya mpangaji haisomwi tena. Ikawekwa. Taa za mashine zikazimika, zikakaa, zikawaka. Sikuchomoa. Vidole vilikuwa vimekakamaa, akanifungulia kimoja kimoja.

Ghorofa ya nne hawakujua lolote. Ivone alilalamika supu ilikuwa ya baridi. Tulipata miaka mitatu zaidi.

Kwenye ripoti Dona Zuleica aliandika kosa la kwanza ni lake, jina kamili. La kwangu la bandarini hakuandika. Leo naliandika mwenyewe.

Mnaobaki, wapangaji hawajaacha kuandika namba. Mimi naogopa, nawaambia ukweli. Someni mara moja, kwenye karatasi yenu.

Dona Zuleica, tumeshukuru. Nenda pwani, Torres, kwa dada yako, ule samaki, sweta uliache kwenye kiti. Uishi vizuri na uishi sana.

Asubuhi nilimjazia kibuyu. Kwetu, anayekirudisha na kusema asante ameshatosheka, hapewi tena. Yeye alikirudisha kimya, akasubiri kingine. Nikajaza.

Mimi kesho narudi kazini.