Historia ya Dada Yetu, Mvunja Chuma

Ndugu waombolezaji, poleni na asanteni kwa kufika, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imeniomba nisome maisha ya dada, ingawa wanajua fika kwamba kusoma karatasi kama ilivyoandikwa si tabia yangu, kwa hiyo mtanivumilia.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mama mshonaji na baba fundi wa kuchomelea vyuma, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, na sisi wadogo zake tulimjua kwa usafi uliopita kiasi, sufuria alizisugua mpaka unajiona sura, na ole wako uingie na viatu.

Alianza shule mwaka 1968, akapata shahada ya uhandisi mwaka 1985 na ya uzamivu mwaka 1997, akibobea katika minara ya chuma inayobeba mitambo ya kufua umeme kwa upepo baharini, kazi ambayo mama hakuielewa hata siku moja, maana kila akimuuliza leo umejenga nini, alijibiwa kwamba leo amevunja, naye mama hushika kiuno na kusema, "Makubwa haya, nimesomesha mtoto ili avunje!"

Na kweli alivunja, kwani katika maabara yao kipande cha chuma kilichochomelewa hubanwa kwenye mashine, kikavutwa na kuachiwa, kikavutwa na kuachiwa, jinsi mawimbi yanavyousukuma mnara, miezi na miezi, hadi kipasuke, na hapo hukadiriwa mnara utadumu miaka mingapi. Hesabu zake zilisifiwa, na minara mingi ikajengwa kwa kuzifuata.

Aliolewa tarehe 14 Agosti 1993 na shemeji yetu, mwalimu wa hisabati, mtu asiye na makuu, wakajaliwa binti ambaye ni mfamasia, na kijana, mpwa wangu huyu, ambaye ni fundi wa kupanda na kukarabati minara ileile.

Mwaka 2016 dada aligundua kosa lake mwenyewe, kwamba kabla ya kila jaribio alikuwa akipiga msasa pale palipochomelewa, ili vifaa vya kupimia vigande vizuri, na pia kwa sababu macho yake hayakuvumilia mikwaruzo, kumbe nyufa huanzia kwenye mikwaruzo hiyohiyo, na kule baharini hakuna aliyepiga msasa. Jamani, usafi ndio uliomponza. Aliwaandikia wenye minara kwamba itachoka mapema kuliko alivyosema, wakubwa wake wakamsihi asijipake matope, hakusikia la mtu, minara ikasimamishwa na mafundi wakarudishwa nyumbani, na mpwa wangu akaja amefura, akamwambia mama yake kwamba amemkatia riziki, naye akamjibu, "Heri uninunie hapa mezani kwangu kuliko nikuzike."

Minara ilipokaguliwa, mitatu ilikutwa na nyufa, yote ikaimarishwa kwa kuchomelewa upya, na mafundi wakarudi kazini, lakini dada hakutulia, akataka kuhakikisha kwamba maungio mapya yatashika, safari hii bila msasa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, na jaribio hilo lilipoanza Januari 2023 alikuwa tayari kitandani, akiomba simu kila asubuhi awaulize wenzake kama kipande kimepasuka. Linahitaji kwenda hadi Septemba ndipo liaminike, naye alifariki tarehe 3 Juni, shemeji akiwa amemshika mkono, kabla dada hajajua mwisho wa jaribio lake, na hilo linaniuma, siwafichi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliolala nasi hapa, na wafanyakazi wenzake, wakiwemo wawili ambao hamwaoni leo, na nimesikia minong'ono, basi acheni, wako maabara kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza mashine isizimwe kwa ajili ya msiba wake. Mpwa wangu, aliyebeba jeneza asubuhi hii, Jumatatu anapanda tena mnara, kwa hiyo kabla ya kuja hapa niliwapigia simu mimi wale wawili wa maabara, nikauliza swali la dada.

Dada, hakijapasuka, pumzika sasa kwa amani.