Mume Wangu Alipokataa Ugali Wangu

Bwana asifiwe! Na nyinyi mliokaa nyuma karibu na mlango, msinong'one, asifiwe na nyinyi pia, kwa sababu baadhi yenu ndio mlisema ndoa yangu imeisha.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Brenda wa Kianda. Mume wangu anabeba mawe mjengo huko Kawangware, na jioni anainua vyuma kwa jimu ya mabati, ile ambayo uzito wake ni mikebe ya rangi iliyojazwa simiti. Mwaka huo alichaguliwa kwenda mashindano ya kutunisha misuli. Nilifurahi! Mpaka kocha wake akamwambia, zikibaki wiki sita, aache wanga wote: ugali, viazi, chapati, hata uji. Ale mayai na omena tu, wale dagaa wa ziwani, ndiyo misuli ijichore.

Sasa sisi ni Waluhya. Kwetu mwanamume akikataa ugali wa mke wake, hajakataa chakula. Amekukataa wewe! Na Baba Brenda hakueleza mtu, alisukuma sahani tu, mbele ya dada yake aliyekuja kututembelea. Wifi akanikazia macho. "Kwani umemfanyia nini ndugu yangu?" Nikasema ni mashindano. Akacheka. "Mashindano? Sema tu kuna mahali anakulanga!" Kufikia Jumapili, akina mama wa maombi walikuwa wamejaa kwangu wakikemea pepo wa mwanamke mwingine. Mwanamke gani! Mtu ananuka omena kutwa nzima, nani angemchukua?

Lakini mimi nilikuwa na hasira, sitadanganya mbele ya madhabahu. Macho yake yaliingia ndani. Mtoto akilia, anapiga meza. Mikono ilipungua badala ya kuongezeka, na ilivyozidi kupungua ndivyo alivyozidi kuongeza mayai. Wiki ya tatu nikafunga nguo zangu na za Brenda kwa leso, twende kwa mama yangu Kakamega.

Siku hiyo hiyo wakamleta na mkokoteni. Alikuwa ameanguka jiwe likiwa begani, mwili mzima unatetemeka. Mwenzake wa mjengo akaniambia, "Shemeji, huyu mtu mpatie chakula." Kana kwamba mimi ndiye nilimnyima!

Nikapiga magoti, na sio kwa upole. Nilimwambia Mungu, "Niondoke ama nimlishe? Sema!" Ndugu zangu, Bwana akanikumbusha kitu sikutarajia: somo la sayansi kimu, lile la mapishi na lishe, kidato cha pili. Tulifundishwa protini ni ya kujenga mwili, wanga ni wa kutia nguvu, na mwili ukikosa wanga unageuza hata protini kuwa kuni. Haleluya! Mume wangu alikuwa anachoma mbao za nyumba anayoijenga!

Nikafungua ile leso, nikashika mwiko. "Baba Brenda," nikamwambia, "kocha ana mdomo, mimi nina sufuria. Kula."

Asubuhi kabla ya mawe, ugali wa kiasi cha ngumi yake na mayai mawili, sio kumi. Mchana githeri, maharagwe yakizidi mahindi. Akitoka kwa vyuma, ngumi nyingine ya ugali na omena. Siku ya kupumzika ile ngumi ya jioni niliikata nusu, nikajaza sukuma wiki. Alinung'unika eti nitafunika misuli na mafuta. Nikamwambia maiti haipandi jukwaani. Kocha naye akaja kunigombeza ndani ya nyumba yangu. Nilimwonyesha mlango, na mlango akauona.

Polepole mikono ikajaa. Akaanza kucheka na mtoto tena.

Siku ya mashindano alikuwa wa nne. Hakuleta kikombe, na mimi sikuombea kikombe. Aliposhuka, amejipaka mafuta anang'aa kama sufuria mpya, alimpita kocha, akawapita marafiki zake wote, akaja kusimama mbele yangu. "Mama Brenda, umebeba ugali?" Alisema kwa sauti, ukumbi ukasikia. Nilikuwa nimebeba. Alikula kwa mkono wangu.

Nakushukuru Yesu! Na wewe dada uliyekuja leo na hasira kifuani, usimfiche Mungu. Mwambie yote, hata kwa kelele, anaweza kuibeba. Mwamini, atakujibu. Halafu ukiinuka magotini, washa jiko.