Watazamaji Arubaini na Mmoja

Kwenye basi la kwenda Ansab, mtaa wa mbali na kwao katika nchi ya Waarabu, binti mmoja alimwonyesha mzee aliyekaa naye video aliyoiweka mtandaoni. Mamake anapika mkate wa kumimina, akieleza kwa Kiswahili. Watazamaji arubaini na mmoja tu.

"Ungeitia kwa Kiarabu, mwanangu, ungepata maelfu," alisema mzee, utadhani mtandao ni wake.

"Nimetia, ami. Maelfu wametazama, wote wanauliza tui gramu ngapi. Mama hana mizani. Husema, tia mpaka roho iridhike."

Mzee aliisogelea simu. "Marehemu mama akisema hivo hivo, Unguja."

Basi likasimama kituo ambacho mzee alikuwa akikiulizia tangu alipopanda Ruwi. Mlango ukafunguka. Hakuinuka.

"Hebu nrejeshee," alimwambia binti, "pale kwenye roho."