Tepe Imegeuka Nyeusi

Fundi cherehani, shavu limevimba, alitega sikio, maana mdomo siku hiyo haukumfaa kitu. Kwenye kiti cha mbele yake ndani ya basi, dada mwenye sare ya zahanati alikuwa akibishana na mzee asiyemfahamu, aliyesema amechemsha vyombo vya hospitali miaka thelathini.

"Tepe ya kifurushi ikigeuka nyeusi kwenye mashine ya mvuke, vyombo vimeiva, vijidudu vimekufa," alisema dada.

"Tepe inakuambia kifurushi kimepata joto tu, mwanangu. Kilitoka kikavu?"

"Kilikuwa na unyevu kidogo. Nimekianika dirishani pale zahanati."

Mzee alifumba macho. "Kitambaa cha kufungia kikilowa hakizuii vijidudu. Kirudishe kifurushi kwenye mashine."

"Mzee wangu, mashine ni moja na foleni imefika getini. Anayeumwa hasubiri."

Fundi, siku ya tatu bila usingizi kwa maumivu ya jino, alimuunga mkono dada kimoyomoyo. Dawa ya jino ni kung'oa, na ujasiri wa leo huenda kesho usiwepo.

"Kwani ni vyombo gani?" aliuliza mzee.

"Koleo za kung'olea meno."

Basi likasimama penye zahanati, dada akateremka. Kondakta akauliza kama kuna mwingine wa kushuka. Fundi alikuwa ameshainuka nusu, mkono shavuni.