Nimeshiba, Shangazi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Shangazi anakabidhi simu za chumba cha mwisho kwenye korido yetu na kwenda nyumbani. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi. Kwingine kote, kuanzia ofisi hii ya umoja wetu wa waandishi wa habari hadi kwa wenzetu wa nchi zote jirani, ni Shangazi tu. Wapo wahariri wenye mvi wanaomwita hivyo ilhali wamemzidi umri.

Aliajiriwa kuwa karani wa mapokezi, na kazi yake ilikuwa kupokea simu. Haukupita mwaka akawa ameigeuza. Badala ya kungoja waandishi walio hatarini wapige, alianza kuwapigia yeye, kila siku ya Mungu, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemtuma. Alisema mtu aliyekabwa koo hapigi simu.

Mwanzoni aliuliza kama tunavyouliza sote: habari za huko? Nao walijibu kama tunavyojibu sote. Sisi ni watu wa ajabu. Mtu nyumba yake inaungua, ukimuuliza habari atakwambia nzuri, halafu ndipo ataje moto. Mhariri wa gazeti dogo la ng'ambo ya mpaka alijibu "salama tu, Shangazi" siku tatu mfululizo, na Shangazi akaweka simu chini ameridhika. Siku zote hizo mhariri alikuwa mahabusu, na aliyemshikia simu sikioni alikuwa askari. Alipotoka, mbavu zimevunjika, yeye ndiye aliyeomba radhi: adabu ilimtangulia mdomoni.

Shangazi alifunga mlango wake, na alipoufungua alikuwa na swali jipya: umekula nini? Ni swali la shangazi yeyote, halimtii askari wasiwasi. Aliye huru atataja chakula, na kwa kuwa ni mwandishi wa habari, atakilalamikia. Aliye matatani atasema neno moja: nimeshiba. Neno hilo Shangazi amelibadilisha mwezi huu kabla hajaondoka, ndiyo maana linaandikwa hapa. Askari mnaosoma jarida hili, karibuni, ila mmechelewa.

Likisikika "nimeshiba", kazi ilianza. Wahariri wa nchi jirani walipigiwa kabla hawajafunga kurasa, na kesho yake jina la aliyekamatwa lilikuwa kwenye magazeti ambayo mkamataji hakuwa na uwezo wa kuyafungia. Mwanasheria alikwenda kituoni. Waandishi wa mji wa karibu waliketi nje ya lango. Huo ndio ushirikiano wa kikanda, waheshimiwa. Haukai kwenye kumbi za hoteli, katikati ya chupa za maji na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, ambako kila mwaka tunapitisha azimio la kulaani vikali. Hakuna jela iliyowahi kufunguliwa na neno "vikali". Zimefunguliwa kwa sababu mkuu wa kituo aliliona jina la mfungwa wake limechapwa kwa jirani, akajua kwamba mtu huyu ana watu.

Vituko navyo havikukosa. Mpiga picha mmoja alijibu "nimeshiba" akiwa kwenye harusi ya shemeji yake, na kweli alikuwa ameshiba. Kufika alasiri mwanasheria anagonga geti la wakwe, anadai aonyeshwe mteja wake akiwa hai, na baba wa bibi harusi anadhani kaja kuipinga ndoa. Mpiga picha alipewa onyo. Tangu siku hiyo, kwa kauli yake mwenyewe, hathubutu kushiba mpaka azime simu.

Swali lile lilikuwa na saa yake. Mtu huulizwa amekula nini wakati wa kula, kwa hiyo tulipokuwa tukishuka ngazi kwa kelele kwenda kwenye mgahawa wa chini, Shangazi alibaki juu, sahani yake imefunikwa dirishani, akiuliza wengine wamekula nini. Tulimzoea, na mtu akizoeleka haonekani. Kwenye mkutano mkuu wa kila mwaka hakualikwa hata mara moja, nafasi zilikuwa za wahariri na wajumbe. Mwandishi mmoja aliyeokolewa naye mara mbili alipotutembelea alimpita koridoni, akimuuliza mlinzi chumba cha Shangazi kiko wapi. Shangazi ndiye aliyemtambua, kwa kikohozi chake. Aliwajua watu wa eneo zima kwa sauti, wala hapakuwa na mmoja wao aliyemjua kwa sura. Jioni alirudi kwenye nyumba ambayo mumewe alishatangulia mbele ya haki na mwanawe alishahamia mbali. Hakulalamika. Hatukuuliza.

Sauti moja aliipenda kuliko nyingine, wala hakuficha hilo: ya Mtangazaji, kijana wa redio ya mji wa mpakani, mtu wa maskhara, ambaye kila mchana alimtajia karamu za kifalme huku akitafuna muhogo. Miaka saba iliyopita alisema, "Nimeshiba, Shangazi." Kisha akaongeza, bila kuulizwa, "Nimeshiba kabisa." Magazeti ya jirani yaliandika. Mwanasheria alikwenda. Waandishi waliketi langoni wiki nzima. Kituo kilisema hakina mtu huyo, na hadi leo kinasema hivyo.

Simu yake iliita bila kupokelewa, baadaye ikazimika, baadaye tena kampuni ikampa namba hiyo mteja mwingine. Shangazi alipopiga akapokea fundi cherehani, mwanamke mwenye haraka zake, akamjia juu: laini kanunua dukani, huyo bwana hamjui, asimpotezee muda. Kesho yake Shangazi akapiga tena. Hoja yake ni hii, na hakuna mjumbe wa kamati ya umoja wetu aliyeweza kuijibu: mtu akitoka kizuizini baada ya miaka, namba aliyoishika kichwani ni yake mwenyewe. Ataipiga. Atakayeipokea lazima ajue kwamba mpigaji huyo bado anatafutwa huku. Fundi alielewa upesi kuliko kamati. Siku hizi hupokea kwa kusema, "Bado, dada, bado," kisha humuuliza jambo ambalo sisi wa korido moja hatukuwahi kumuuliza: na wewe, umekula?

Sasa kamati inataka kuanzia Julai tutumie programu ya simu. Mwandishi atabonyeza kitufe cha kijani kuonyesha yu salama. Hiyo ni "salama tu" ileile, imepakwa rangi. Askari naye ana kidole gumba. Na kwa kuwa mfumo huo haupokei namba isiyo ya mwanachama, jina la Mtangazaji litafutwa. Waliomchukua walisema hayupo, nasi tunajiandaa kuwapigia muhuri. Shangazi alipoulizwa angependa zawadi gani ya kuagwa, alikataa saa ya ukutani na kuomba jambo moja: Mtangazaji asifutwe, apigiwe kila mchana. Katibu alijibu kwamba ombi litafikiriwa. Jarida hili linakwenda mitamboni, ombi bado linafikiriwa. Watakaosimama ukumbini kumpigia makofi wajiulize wanampigia kwa kazi gani, kama kazi yenyewe wanaizika siku hiyohiyo.

Ijumaa iliyopita Shangazi alimpigia fundi kumuaga, akamweleza kwamba huenda asipate tena simu kutoka kwetu. Cherehani ilisikika ikisimama. Fundi akasema, "Dada, laini hii siitupi. Lakini akipiga, nimpe namba ya nani?"

Shangazi akampa ya nyumbani kwake.

Shangazi, umetulinda ukiwa peke yako, na sasa unaondoka na zamu yetu mkononi. Aibu hiyo ni yetu, tuachie tuibebe. Asante kwa kila mchana. Mungu akupe afya, akupe majirani wanaobisha hodi bila sababu, na simu yako iite.