Taa Nne Kwenye Mstari Mmoja

Hapo njia panda ya kushukia kutoka Magamba, kijiji cha ujamaa kilipokuwa bado kinanukia mbao mbichi, palikuwa na benchi, na penye benchi palikuwa na Abdallah na birika lake la kahawa. Mtu huyo alipanda milimani kuchuma chai, akaona kuuza kahawa kunalipa kwa maneno kuliko shamba. Alasiri hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa, na aliyekuwa anasemwa ni Sefania seremala. Yeye ndiye aliyefunga dinamo ya lori bovu kwenye gurudumu la maji kule mtoni, akatundika taa nne: duka la ushirika, ofisi ya kijiji, darasa, na mwisho kabisa zahanati. Taa zikawaka nyekundu, za kuonea aibu. Wengine walicheka, lakini Sefania hakuwa na hamu ya kucheka, maana binti yake Rahabu alikuwa huko zahanati na uchungu wa uzazi tangu asubuhi, giza linakuja, na dukani mafuta ya taa hakuna hata tone.

– Umeme wako umechoka, alianza Tobia, ambaye wenyewe walimwita Redio kwa kuwa hanyamazi ila amelala. Kutoka mtoni mpaka huku ni mlima mtupu. Hata wewe ukipanda huna pumzi.

– Mlima gani! Ni ukungu, alisema Fanueli. Huyu aliitwa Kamati, kwa kuwa hakuna kamati kijijini aliyokosa kuwamo. Ukungu unalowesha waya, umeme unanywewa njiani.

– Basi jana jua lilipowaka mbona zilikuwa vilevile?

– Jana waya ulikuwa bado haujakauka ndani.

– Haya, mimi niwaambie ukweli, Redio akasogea mbele. Waya ule ulitoka kwenye shamba la mkonge la mzungu. Umezoea kumwangazia bwana mkubwa mmoja. Leo unaambiwa uangazie kijiji kizima! Umegoma.

– Tuuitishie mkutano, alisema Abdallah akimimina.

Wakaangua kicheko. Sefania alikishika kikombe asinywe. Moyoni alikuwa anawaka kuliko taa zake zote.

– Jamani, mwanangu yuko kule, alisema. Nisaidieni au ninyamazieni.

Ndipo alipofika Mwalimu Cecilia, binti mgeni aliyeletwa kufundisha kisomo cha watu wazima.

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba, mwalimu. Keti, tuna msiba wa taa.

Wakamweleza, kila mtu kwa lugha yake. Cecilia alisikiliza, kisha akauliza kitu kidogo tu:

– Mzee Sefania, siku ulipojaribu taa moja peke yake, mishale ya mita za dinamo ilisimama wapi?

Redio akamtazama Kamati. Kamati akatazama kahawa. Hakuna aliyewahi kuuliza.

– Volti kumi na mbili, alisema Sefania polepole. Ampea mbili. Na taa iliwaka nikafumba macho! Sasa zikiwa nne, volti ni zilezile, ampea nusu.

– Gawanya volti kwa ampea, upate ukinzani wa taa, yaani jinsi inavyoubana umeme usipite.

– Kumi na mbili kwa mbili... sita.

– Omu sita. Nguvu yake unazidisha: kumi na mbili mara mbili, wati ishirini na nne. Sasa hizo nne umezifungaje?

– Kama mfereji, alijibu Sefania. Waya unaingia dukani, unatoka, unaingia ofisini, mpaka zahanati, halafu unarudi mtoni. Shamba kwa shamba.

– Basi sita mara nne ni ishirini na nne. Kumi na mbili ukigawa kwa ishirini na nne?

– Nusu, alisema Sefania, akasimama. Nusu! Mshale haukudanganya! Kumi na mbili mara nusu ni wati sita, na taa nne zinagawana. Wati moja na nusu kila taa! Masikini, si zitakufa njaa?

– Kila taa ipate ncha moja kwenye waya unaokwenda, nyingine kwenye waya unaorudi. Hapo kila moja itapata volti kumi na mbili zake.

Kamati aliruka.

– Kila mtu afungue mdomo wake kwenye mfereji mkuu? Si ndiyo sababu tulimtoza Kristofa faini ya mbuzi?

– Kristofa aliiba maji, Fanueli, alisema Sefania. Hii ni kwa ajili ya Rahabu.

– Dinamo itaweza ampea nane, mbili kwa kila taa? aliuliza Kamati.

– Lori lilikuwa na taa nyingi kuliko hizo, alijibu Sefania.

Kamati alikuna kidevu, kisha akavua koti.

– Ngazi iko wapi?

Wakafunga maji ya gurudumu kwanza, wakakata waya, wakaunga upya. Redio alishika ngazi na, ajabu ya Mungu, akanyamaza. Maji yalipofunguliwa, ukungu wote wa kijiji ukang'aa mweupe. Dirisha la zahanati likafunguka, muuguzi Dorkasi akatoa kichwa.

– Naona mpaka sindano, Baba Rahabu! Lakini taa hii inazimwaje?

Swichi haikumjia mtu akilini.

– Iacheni iwake, alisema Sefania. Huyo anayekuja aikute.